Kizimba cha PVC cha Chatu wa Kifalme: Kuta Nzuri, Milango ya Kuchunguzwa

Tunachopima hapa ni kizimba cha bodi za PVC, sentimita 120 kwa 60 kwa 60, kinachofika nyumbani vipandevipande ndani ya boksi, na mbele kina vioo viwili vya kuteleza. Wamarekani wanakiita 4×2×2 kwa kuhesabu futi. Kampuni nyingi za Amerika Kaskazini na Ulaya zinakitengeneza kwa vipimo hivyo hivyo, na tofauti kati ya kampuni moja na nyingine ni ndogo kuliko tofauti kati ya PVC na kioo. Kwa hiyo tunapima aina, hatupimi nembo. Tumekiweka kando ya tangi la kioo lenye wavu juu, mfano wa yale ya Exo Terra, na kando ya kizimba cha mbao za melamini ambacho wafugaji wa Uingereza wamekizoea.

Hukumu mapema, kwa asiye na muda: nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki mlangoni, tutafika huko.

Chatu wa kifalme, Python regius, si yule chatu anayewatisha wachunga mbuzi huku kwetu. Huyu ni wa Afrika Magharibi na ya Kati, kuanzia Senegal hadi pembe ya kaskazini-magharibi ya Uganda. Jike mzima huwa na sentimita 120 hadi 150, dume hupungua kidogo, na akiogopa hujiviringa duara na kuficha kichwa katikati. Wengi waliofika Ulaya na Marekani kwa miaka mingi walitoka Ghana, Togo na Benin, na biashara yake ya kimataifa iko chini ya Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Kule Ouidah, Benin, wapo kwenye hekalu lao, na anayemkuta mmoja nyumbani kwake humrudisha kwa heshima. Porini hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu, na hilo shimo ndilo kipimo chetu cha kila kitu kinachofuata: hewa yenye unyevu, joto lisiloyumba, giza, na ukuta unaomgusa mgongoni. Kizimba kinachomnyima hayo ni sanduku la maonyesho tu, hata kiwe kizuri namna gani.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Haya yanamhusu msomaji aliyeko Minneapolis, Leicester, Oslo na kwingineko ambako nyoka huyu anafugwa kwa sheria. Kenya huwezi kuweka nyoka nyumbani bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la huko, na Tanzania nako wanyamapori hawafugwi bila leseni. Halafu chatu wetu wa huku hupita mita nne. Kizimba hiki kingemtosha kwa mkia.

Tuanze na ukubwa. Sentimita 120 kwa 60 ni kiwango cha chini kwa mzima, tusikipambe. Dume wa sentimita 105 ananyooka vizuri. Jike wa 140 hanyooki kabisa hata kwa kukata kona, yaani kwa ulalo, ambao ni kama sentimita 134 kabla ya kuweka jiwe lolote ndani. Mwongozo wa Ujerumani wa mwaka 1997 wa ufugaji wa reptilia unakokotoa kizimba kwa kuzidisha urefu wa nyoka mwenyewe, na hiyo ndiyo akili nzuri ya kununulia: pima nyoka kwanza, sanduku baadaye. Mwenye jike mkubwa na nafasi ya kutosha atafute cha sentimita 150 au 180. Kimo cha 60 si anasa. Chatu hawa, hasa madume na wadogo, hupanda miti porini na hula ndege, kwa hiyo tawi nene la kulalia ni sehemu ya samani zake.

Sasa, kwa nini PVC na si kioo? Sababu iko juu, kwenye dari. Tangi la kioo limefunikwa kwa wavu. Ukiweka taa ya joto juu ya wavu, hewa moto hupanda na kutoka kama moshi wa jikoni, na nafasi yake hujazwa na hewa kavu ya chumbani. Nyumba yenye hita wakati wa baridi kali inaweza kuwa na unyevu wa chini ya asilimia 30. Chatu huyu anahitaji 60 hadi 80. Utapuliza maji asubuhi, saa sita yamekauka. Utapuliza tena, na sakafu italowa huku hewa ikibaki kavu. Huo ni mchanganyiko mbaya kuliko yote: tumbo linalala kwenye maji na magamba yanaoza, pua inavuta ukavu na gamba linatoka vipandevipande likiacha kofia za gamba kuukuu machoni. Watu hufunika robo tatu ya wavu kwa karatasi ya alumini, na inasaidia, lakini hapo umenunua dari ghali ili uizibe. Uzito nao ni jambo. Kioo cha milimita 6 kina kilo 15 kwa kila mita ya mraba; tangi la vipimo hivi lina karibu mita 2.9 za kioo, ambazo ni kama kilo 43 kabla ya fremu na udongo.

PVC ina dari nzima na kuta zinazoshika joto, na hainyonyi maji. Melamini nayo hushika joto vizuri sana, pengine kuliko PVC, lakini maji yakipenya kwenye kiungo kisichozibwa, ubao huvimba kama mkate kwenye chai na haurudi tena.

Kukiunga ni kazi ya saa moja na nusu kwa mtu mmoja mwenye subira. Tumia bisibisi ya mkono. Drili ni kosa la kwanza la wanunuzi: bodi hizi ni PVC ya povu, laini, na skrubu ikizungushwa kwa nguvu hukata njia yake, kisha haishiki tena. Kaza viungo vyote nusu kwanza, hakikisha kona ni pembe mraba kwa kupima ulalo wa mbele mara mbili (namba mbili lazima zifanane, la sivyo vioo vitakwama), ndipo ukaze kabisa. Baada ya hapo ziba mstari wote wa chini kwa silikoni ya matangi ya samaki. Silikoni ya bafuni ina dawa ya ukungu, haifai. Acha ikauke saa 48 milango wazi. Kama bado unasikia harufu ya siki, ongeza siku.

Tuje mlangoni. Vioo viwili vinavyopishana huacha ufa katikati, milimita chache tu, na kwa chatu mzima hiyo si kitu. Kwa mtoto aliyeanguliwa juzi ni geti. Nyoka husukuma kwa pua usiku kucha mpaka kitu kisogee, na kioo kisichofungwa husogea. Kufuli ya kabari inayoingia kati ya vioo iwe ndani ya boksi. Kama haimo, inunue siku hiyo hiyo. Ufa wenyewe uzibe kwa ukanda laini wa plastiki unaobandikwa upande wa nje. Tena tunasema upande wa nje. Mkanda wa gundi wa aina yoyote ndani ya kizimba ni hatari. Nyoka akinasa, magamba hutoka na gundi, na kumnasua ni kazi ya mafuta ya kula na uvumilivu mwingi, wala si ya kuvuta.

Kosa jingine la mlango ni kizingiti. Baadhi ya matoleo yana ubao wa mbele wa sentimita 7 tu kwenda juu, wakati udongo tunaoutaka ni wa sentimita 10. Matokeo yake mchanga unaingia kwenye reli na vioo vinakwaruza. Kabla ya kulipa, uliza kipimo hicho kimoja. Wauzaji wengi hawakiandiki kwenye tangazo.

Matundu ya hewa kwa kawaida yako nyuma au ubavuni. Yaache wazi wiki ya kwanza, soma haigromita (kipima unyevu), ndipo uzibe mojamoja kwa nje kama unyevu unashuka. Usiyazibe yote, kwani hewa iliyosimama na baridi pamoja huleta ugonjwa wa mapafu: nyoka anapiga miluzi akipumua, mate yanajaa mdomoni, anainua kichwa juu ili apate pumzi. Hapo ni kwa daktari wa mifugo wa wanyama wa aina hii, si dawa za kujitafutia. Tundu la nyaya nalo lisipite upana wa kidole bila kuzibwa kwa sifongo.

Joto ndilo linalokula bajeti, na ndipo watu wanapobana pesa mahali pasipostahili. Kizimba hakiji na taa. Tunapendekeza taa ya halojeni ya mwanga mpana, wati 75 hadi 100, iwake mchana kwa saa 12, au Deep Heat Projector ya Arcadia ya wati 80, ambayo hutoa joto karibu bila mwanga na kwa hiyo inaweza kuwaka usiku pia. Zote mbili hutoa miali inayopenya kwenye nyama kuliko ile ya taa ya kauri, ambayo hupasha ngozi na hewa tu. Taa ya kauri si mbaya kwa kushikilia joto la usiku, lakini hukausha. Mkeka wa joto wa kubandika chini ya sakafu uachane nao hapa: chini ya sentimita 10 za udongo joto halipandi, udongo unalizuia, na mkeka wenyewe unaweza kuchemka kupita kiasi.

Kwa kuwa dari imezibwa, taa inaingia ndani. Holda iwe ya kauri, ifungwe kwa skrubu zinazopita hadi upande wa pili na nati, kwa sababu skrubu fupi kwenye PVC ya povu haitabeba uzito kwa miaka. Acha nafasi kati ya taa na dari, maana PVC hulainika ikichemka. Weka kibati cha alumini katikati ukiona dari inabadilika rangi. Kisha kizimba cha taa, ule wavu wa chuma unaoizunguka. Hili halina mjadala. Chatu huzunguka kitu chenye joto na hajui kukiachia kinapomchoma. Vidonda vya moto tumboni ni jambo ambalo madaktari wa reptilia wanaliona mno. Matundu ya wavu huo yawe madogo kiasi kwamba kichwa hakipiti.

Themostati, yaani kidhibiti cha joto: halojeni na Deep Heat Projector zinataka ya kufifisha, ile inayopunguza umeme polepole. Ukiziunganisha na ya kuwasha na kuzima, taa itapepesa siku nzima na kuungua baada ya muda mfupi. Herpstat ya Marekani, na Habistat au Microclimate za Uingereza, zote zina matoleo ya kufifisha. Bei yake inaweza kufika nusu ya bei ya kizimba, na bado tunasema: kama pesa haitoshi vyote viwili, nunua themostati nzuri na kizimba cha mtumba. Kipande cha kuangalia sana ni sensa, ile inayosoma joto. Ifunge kwa vibanio vya plastiki usawa wa mgongo wa nyoka, karibu na jiwe la kuotea joto, mahali asipoweza kuivuta. Ikianguka kwenye bakuli la maji, itasoma baridi, themostati itafungua umeme wote, na kizimba kitakuwa tanuri. Ndiyo maana themostati yenye kengele ya joto kupita kiasi ina thamani.

Namba zenyewe: juu ya jiwe la kuotea, nyuzi 33 hadi 35 za Selsiasi, hewa ya upande wa moto, 30 hadi 32, upande wa baridi, 24 hadi 27, usiku usishuke chini ya 22. Jiwe bapa chini ya taa litakusaidia, unaliinua au kulishusha kwa vipande vya matofali hadi ufike namba hiyo. Pima uso wa jiwe kwa kipimajoto cha bastola, lakini si kile cha kupimia paji la uso tulichokizoea enzi za korona; kile kimetengenezwa kwa joto la mwili wa mtu na kitakudanganya. Nunua cha mafundi. Vile vidude vya duara vya mshale vya kubandika ukutani vibaki dukani.

Mwanga wa UVB (sehemu ya miale ya jua isiyoonekana) haumlazimu kama unavyomlazimu kenge, ila ukitaka kuuweka, uwe hafifu: chatu huyu yuko kundi la kwanza la Ferguson, mpangilio wa reptilia kwa kiasi cha jua wanachopata porini, yaani fahirisi ya UV isiyopita takribani 0.7 kwa wastani wake. Tyubu ndogo ya ShadeDweller ya Arcadia inatosha, ndani ya kizimba, kwani kioo na plastiki huzuia UVB. Ibadilishwe kila mwaka hata kama bado inang'aa.

Matandazo ni mahali ambapo PVC inalipa. Kwa kina cha sentimita 10 unahitaji lita 72: lita 50 za udongo wa juu usio na mbolea wala dawa, lita 22 za mchanga uliooshwa. Anayetaka wepesi atumie maganda ya nazi, yale ya chembechembe na yale ya vipande, nusu kwa nusu. Mtu wa pwani atacheka kuona makumbi yakiuzwa kwa pakiti, lakini kazi yanaifanya. Maranda ya mierezi na misonobari yasiingie kabisa, mafuta yake ya harufu humdhuru. Usipulize maji juu. Mimina lita moja hadi moja na nusu kwenye kona, mara moja kwa wiki au pale unyevu unaposhuka chini ya 60. Maji yatashuka chini, sakafu ya juu itabaki kavu, na hewa itapata unyevu kutoka chini kama shimoni. Chimba kwa kidole kila wiki mbili. Ukisikia harufu ya kinamasi, umezidisha.

Maficho mawili yasiyo na tofauti, moja upande wa moto, moja upande wa baridi. Wauzaji hupenda kukuuzia pango kubwa la mapambo lenye midomo mitatu, nyoka haligusi. Linalofaa lina mlango mmoja, dari ya chini, na upana ambao akijiviringa ubavu wake unagusa kuta. La tatu, lenye kigoga (moss) chenye unyevu, mpe macho yake yakianza kuwa ya bluu kabla ya kujivua gamba. Bakuli la maji liwe zito, lisilopinduka, upande wa baridi. Matawi mawili ya unene wa sentimita 4 au 5, yamefungwa imara. Jike hufika kilo mbili, na tawi likianguka naye hatapanda tena. Nafasi iliyobaki jaza majani makavu.

Kuna madai ya zamani kwamba chatu wa kifalme akiwekwa kwenye kizimba kikubwa hugoma kula, na kwa hayo watu humweka maisha yake yote kwenye droo za plastiki za wazalishaji. Tunayapinga. Kinachomgomesha ni uwazi. Sakafu ya mita moja isiyo na kitu ni uwanja, na mnyama wa shimoni hasimami uwanjani. Jaza sakafu hadi aweze kwenda ncha hadi ncha bila kuonekana, na ukubwa hautakuwa tatizo. Droo ni rahisi kusafisha na kupanga ishirini ukutani. Hiyo ni faida ya mfugaji.

Kizimba kikishakamilika, kiendeshe siku saba kikiwa kitupu. Andika joto la pande zote mbili na unyevu asubuhi na usiku. Zikiwa zimetulia siku tatu mfululizo, mwingize nyoka, mmoja tu, kwani hawa hawana urafiki wa kukaa wawili. Usimshike wiki ya kwanza, na usianze kumshika mpaka awe amekula.

Bei: Marekani kizimba cha aina hii kwa kawaida ni dola 300 hadi 450 bila usafirishaji. Weka pembeni kiasi kinachokaribia hicho hicho kwa themostati, taa, wavu wake, maficho na udongo. Usinunue kama nyumba yako ina joto na unyevu wa pwani mwaka mzima, kama Miami. Pale tangi la kioo lenye wavu uliozibwa nusu litakutosha. Usinunue pia kama unahama kila miezi sita, maana kila ukifungua skrubu, tundu linapanuka.

Mwisho kwa wanaoagiza mtandaoni kutoka nchi nyingine: kizimba chenyewe hakijali, lakini taa na themostati za Marekani ni za volti 120, za Ulaya ni 230. Holda za E26 na E27 hupokeana, kwa hiyo taa ya Marekani itaingia vizuri kabisa kwenye holda ya Leicester, na itapasuka ukiwasha.